Tabo haivuti baada ya kubadilisha intakula? Kabla hujanunua ingine tafuta hapa

Hii naandikia wenye Subaru za tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi kusukuma hewa kwenye injini (Impreza WRX, Forester XT, Legacy GT), wenye Mitsubishi Evo, na wale wa Toyota Caldina GT-T na Mark II zenye injini ya 1JZ, yaani mtu ambaye gari yake imeshaguswa, imewekwa intakula kubwa (ile inayopoza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye injini) au tabo kubwa, ikatyuniwa (kompyuta ya injini ikapangwa upya), alafu sasa inasumbua. Kila wiki naona mtu anatoka Kisekka, soko la spea la hapa Kampala, na tabo ya pili au ya tatu mkononi kwa sababu fundi kamwambia "ssebo (bwana), tabo imekufa", tabo inafungwa, shida inabaki palepale. Pesa inaenda bure na inaniuma, manake kwenye gari nyingi nilizoshika shida haikuwa tabo kabisa, ilikuwa mpira, klipu, gasketi ya eksozi, oili, ama joto. Tabo ni kitu kigumu sana ikipata oili safi na hewa safi. Kinachokufa kwanza ni vile vitu vya kuizunguka.

Tena siku hizi spea zetu ni za kuokoteza. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, zile Impreza na Legacy za zamani tulizonazo ndo hizohizo, tunazikata wenyewe kwa wenyewe kupata vipuri, kwa hiyo ukitupa tabo nzima ukanunua iliyotoka kwenye gari iliyopata ajali hujui kama umeenda mbele ama umerudi nyuma.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza: geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) inayosoma vizuri, skana au laptopu ya kuona joto la hewa inayoingia kwenye injini, geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli (ile yenye sensa pana, sensa ya kawaida ya kwenye eksozi haikwambii kitu ukiwa kwenye busti), na kifuniko cha kupimia uvujaji ambacho unaweza kutengeneza mwenyewe. Bila hivi unabahatisha tu.

Kwanza elewa mwinuko wetu

Hapa ndo watu wengi wanapotea, manake wanafuata namba za video za watu wanaoishi karibu na bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kawaida hapa ni kama psi 12.8 wakati kule pwani ni 14.7. Kabale uko karibu mita 2,000, hewa inashuka mpaka kama psi 11.5. Sasa geji yako ya busti inaanza kuhesabu kutoka kwa hewa ya hapo ulipo, ukiona 15 ina maana 15 juu ya hiyo 12.8. Pwani tabo ikitoa 15 inakuwa imeiongeza hewa mara 2.02 hivi, hapa Kampala kupata hiyohiyo 15 inabidi iongeze mara 2.17, na Kabale mara 2.3. Ukitaka injini yako ya Kampala ipate hewa nzito sawa na ya mwenzako wa Mombasa mwenye 15 itabidi upandishe mpaka 17, na hapo tabo inafanya kazi ya mara 2.3 ikiwa nyumbani tu.

Maana yake nini kwa gari yako? Tabo ndogo ya kiwandani hapa inazunguka kwa kasi zaidi kwa busti ileile, na joto linapanda. Hewa ya nyuzi 27 ikiingia kwenye tabo nzuri na ukasukuma mara 2.17, inatoka kama nyuzi 130, na tabo ikiwa imechoka au imesukumwa nje ya uwezo wake inafika 150. Hiyo ndo kazi intakula inayopewa. Kwa hiyo mimi kwa mtu wa huku namwambia siku zote aanze na intakula kabla ya tabo, na asikubali kuongezewa busti na mtu ambaye hajamuuliza gari inaishi wapi.

Mbili zaidi za mwinuko usije ukazihesabu kama ugonjwa. Ya kwanza, ukiwa umesimama gari inanguruma tu, sindano ya vakyumu huku haifiki ile inchi 18 mpaka 20 wanazosema kwenye video, inapungua karibu inchi moja kila mita 300, kwa hiyo hapa injini nzima kabisa inaweza kukaa 14 mpaka 16. Nimeona injini inafunguliwa ringi kwa sababu ya namba hiyo tu, jamani. Ya pili, Subaru zina sensa inayosoma hewa ya nje na kompyuta yake inashusha busti ukipanda milima, so ukienda Kabale ukaona imepungua psi kadhaa usianze kufungua kitu, hiyo ni kinga ya tabo.

Kipimo cha uvujaji, hiki fanya kabla ya kila kitu

Sijali dalili yako ni ipi, anza hapa. Chukua kifuniko cha paipu ya plastiki inayoingia vizuri kwenye mpira wa kuingilia tabo, toboa katikati uweke valvu ya tairi, kaza na klipu. Kifunge baada ya sensa ya hewa, sio kabla yake, usije ukaisukumia presha sensa. Kompresa ya mtu wa kujaza tairi inatosha, ila iwe na kidhibiti cha presha, unapandisha polepole, psi 5, sikiliza, 10, sikiliza, mpaka ifike busti unayoendeshea, usizidi 20. Switchi iwe imezimwa. Ziba mpira wa kupumulia wa injini manake la sivyo hewa itaingia kwenye sampo na utapoteza siku nzima. Na usisimame mbele ya kifuniko, kikichomoka kinaruka kwa nguvu.

Ukisikia hewa inatokea kwenye eksozi ujue kuna valvu zimefunguka pamoja, zungusha injini kidogo na spana itaacha. Uvujaji mdogo sana kwenye mhimili wa throto ni kawaida. Vingine vyote havina msamaha. Paka maji ya sabuni kila kiungo: mpira wa kutoka tabo, miguu miwili ya intakula, pale kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), kwenye blo-ofu (valvu inayoachia busti ukiondoa mguu), gasketi za manifoldi, oringi za injekta, na vile vipaipu vyembamba vya vakyumu.

Kwenye Subaru yenye intakula ya juu angalia sana kile kipaipu cha Y kinachotoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula. Mpira wake unapasuka upande wa chini ambapo jicho halifiki, na ukiwa umetulia unajifunga, unaonekana mzima kabisa. Weka kioo kidogo chini, bonyeza mpira kwa kidole gumba, utaona ufa unafunguka kama mdomo na pembeni yake kuna unyevu mweusi wa oili na vumbi jekundu limeshikana. Huo unyevu ndo ushahidi wako, popote hewa ya busti inapotokea inabeba oili kidogo, vumbi letu linakuja kukaa juu yake. Kabla hata ya kompresa, pita na tochi ukitafuta hizo alama.

Kama paipu zako za aluminiamu zimechongwa na fundi wa kuchomelea, angalia ncha zake. Paipu ya maana ina ukingo ulioinuka mwishoni wa kushikilia mpira. Iliyo laini itachomoka tu hata ukaze vipi, na watu wanakaza mpaka klipu inakata mpira. Mpelekee fundi azungushie mstari wa welding au aiinue kwa mashine, alafu tumia klipu nene za bolti, sio zile nyembamba za mpira wa maji.

Moshi mweusi, inanusa petroli, na inazima ukiachia eksileta

Hii kwa Subaru nyingi na Evo, ambazo zinapima hewa kwa sensa iliyoko kabla ya tabo. Kompyuta imeshahesabu hewa iliyopita, imemwaga petroli ya hewa hiyo, alafu nusu ya hewa inatokea njiani. Unabaki na petroli nyingi. Moshi mweusi kwenye busti, gari nzito, plagi nyeusi kavu kama masizi. Ni uvujaji kati ya tabo na injini, rudi kwenye kipimo.

Ile ya kuzima ukiachia mguu ukikaribia taa za barabarani mara nyingi ni blo-ofu inayotoa nje. Najua sauti yake watu wanaipenda, kila kijana anataka ile "pshhh" akipita Acacia, lakini hewa ile ilikuwa imeshahesabiwa na umeitupa. Rudisha ile inayorudisha hewa kwenye paipu ya kuingilia tabo au mwambie aliyetyuni ahamishe gari kwenye sensa ya presha, kuna wanaoweza.

Caldina yenye 3S-GTE na zile 1JZ zinapima presha ndani ya manifoldi, kwa hiyo hizo zikivuja hazitoi moshi mweusi namna hiyo, zinakuwa tu wavivu na tabo inafanya kazi ya ziada kimyakimya. Hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu hupati onyo.

Asubuhi inaruka, jioni kwenye jam inakufa

Umetoka Ntinda saa kumi na mbili asubuhi gari inavuta mpaka unacheka, jioni umekaa Jinja Road saa nzima, ukifika Northern Bypass unakanyaga, hakuna kitu. Angalia joto la hewa inayoingia. Gari inayotembea ikiwa na intakula inayofaa, hewa inapaswa kuwa nyuzi 10 mpaka 20 juu ya joto la nje. Kwenye jam Subaru ya intakula ya juu inafika 60, 70, manake intakula imelala juu ya injini na tabo iko palepale nyuma yake, joto lote linapanda. Kompyuta ikiona hivyo inarudisha nyuma moto wa plagi ili injini isigonge (petroli isilipuke kabla ya wakati), na hiyo ndo nguvu iliyopotea.

Sasa kabla hujakimbilia kuweka ya mbele, fanya vitu vya bei ndogo. Angalia zile raba za chini ya boneti zinazoelekeza hewa kutoka kwenye tundu la boneti kuingia kwenye intakula, gari nyingi za hapa hazina tena, zilitolewa siku ya kupaka rangi hazikurudi, hewa inapita pembeni. Funga blanketi ya joto kwenye tabo na kwenye daunpaipu (paipu ya eksozi inayotoka kwenye tabo). Nyoosha mapezi ya intakula yaliyolala, ioshe nje na maji ya presha ndogo. STi na Evo nyingi zilikuja na mfumo wa kumwagia intakula maji, tangi lipo na pampu ipo, mara nyingi imekatika waya tu, ifufue.

Hivyo vyote vikiwa sawa na bado joto linabaki juu hata baada ya dakika tano za barabara wazi kama Entebbe Expressway, hapo intakula imezidiwa, nunua kubwa. Lakini kama ndani ya dakika moja mbili za kutembea joto linashuka lenyewe, shida ni jam wala sio intakula, na ukiweka kubwa utakuwa umelipa kwa kitu ambacho hakikuwepo. Chagua pia aina: ile nzito ya vibao inakula joto jingi kabla haijajaa, inafaa kwa kukanyaga mara moja moja na mbio fupi za Busika, ila ikishajaa inachukua muda kupoa. Ile nyepesi ya mirija inajaa haraka na inapoa haraka.

Busti haifiki namba

Ukishapita kipimo cha uvujaji na hakuna kitu, nenda upande wa eksozi. Moshi ukitoroka kabla ya kufika kwenye tabo, tabo haina cha kuizungusha. Kwenye Subaru ni ile ap-paipu inayopanda kutoka manifoldi mpaka tabo, viungo vyake vinapasuka na gasketi zinaungua. Dalili: injini ikiwa baridi unasikia "tik tik tik" inayofuata mizunguko, ikipata moto inapungua kwa sababu chuma kimetanuka. Tafuta masizi meupe au meusi yaliyopiga pembeni ya gasketi. Kuna Subaru ambazo ndani ya ap-paipu kuna katalitiki (chujio la kusafisha moshi), hiyo ikivunjika vipande vinaenda moja kwa moja kwenye panga za tabo, kwa hiyo ukifungua na ukaona tabo imekatwa upande wa moto usifunge nyingine kabla hujatazama ndani ya hiyo paipu.

Alafu westigeti, yaani kifuniko kinachopitisha moshi pembeni ya tabo ili busti isizidi. Mkono wake unapaswa kufunga kifuniko kwa nguvu kidogo, ukichomoa mkono uone inabidi uvute milimita moja mbili ndo uingie kwenye pini. Ukiingia wenyewe bila kuvuta, umelegea, busti inatoroka mapema. Puliza hewa kwenye kopo lake kwa pampu ya mkono: likishika presha ni zima, likipumua limepasuka diaframu.

Mwisho solenoidi ya busti (valvu ya umeme ambayo kompyuta inatumia kuongoza westigeti) na mipira yake. Kwenye Subaru kuna mpira mmoja wenye kidude kidogo cha shaba ndani chenye tundu jembamba, fundi akibadilisha mipira akatupa ule wa zamani na kidude kikaenda nacho, busti inabadilika kabisa na utatafuta mpaka uchoke. Uliza mpira wa zamani uko wapi.

Busti inapitiliza

Hii ndo inavunja injini, usiendelee kukanyaga. Gari inapanda 14, 16, 18, alafu ghafla inakata kama imegonga ukuta, hiyo ni kompyuta imekata petroli kuokoa injini. EJ25, injini ya Subaru ya lita 2.5, pistoni zake za kiwandani zinajulikana kuvunjika pale kwenye ringi, na busti iliyopitiliza pamoja na joto ndo njia ya haraka ya kufika huko.

Tenganisha hivi. Toa solenoidi kabisa kwenye mzunguko, unganisha mpira moja kwa moja kutoka tabo mpaka kopo la westigeti. Endesha kwa upole. Ikikaa kwenye presha ya spring ya westigeti, mfano 7 au 8, na haipandi, basi shida ni solenoidi, mipira au tyuni. Ikiendelea kupanda taratibu kadri mizunguko inavyopanda, basi tundu la westigeti ni dogo kwa moshi unaopita, na hiyo inakuja sana baada ya mtu kuweka daunpaipu pana na eksozi ya inchi tatu akabaki na tabo ya kiwandani. Tyuni haiwezi kutibu hiyo. Tundu lipanuliwe na mtu anayejua kusaga vizuri, au uweke westigeti ya nje.

Na angalia kama mpira wa kopo umechomoka tu. Ni mpira mdogo sana, uko karibu na joto, ukichomoka hakuna kitu tena kinachoizuia tabo.

Geji inaonyesha busti lakini nguvu hakuna

Hapa kuna mambo matatu na watu wanayachanganya.

La kwanza ni plagi. Busti ikipanda cheche inashindwa kuruka, unasikia "pa pa pa" kwenye gia ya tatu juu ya mizunguko 4,000, ukipunguza mguu inatulia. Punguza pengo la plagi mpaka milimita 0.6 au 0.7 na uweke plagi baridi zaidi (inayopoa haraka) kwa hatua moja, alafu angalia koili. Ni kazi ya saa moja na ni bei ndogo kuliko chochote kingine kwenye ukurasa huu.

La pili ni petroli haitoshi. Tabo kubwa inaleta hewa, injekta na pampu ni zilezile. Injekta zikifika asilimia 85 mpaka 90 ya muda wake wa kufunguka zimeisha, hakuna akiba. Mchanganyiko kwenye busti kamili uwe karibu 11 mpaka 11.5 (hewa kwa petroli moja), ukiona unaelekea 12.5, 13 ukiwa umekanyaga yote, ondoa mguu hapohapo. Kwenye gari zetu mara nyingi ni pampu iliyochoka au filta iliyojaa uchafu wa tangi, kwa hiyo pima presha ya petroli chini ya mzigo, kupima gari ikiwa imesimama hakusaidii.

La tatu ni intakula yenyewe inaziba njia. Weka geji moja kabla yake na nyingine baada. Tofauti ya psi 1 mpaka 2 ni nzuri. Ikifika 3 anza kuwaza, ikifika 4 au zaidi intakula hiyo ni ya kutoa, hata kama imeandikwa jina kubwa ubavuni, manake tabo inasukuma zaidi ili injini ipate kidogo, na joto linapanda bila sababu. Intakula nyingi za bei poa zinazokuja kwenye maboksi mazuri zina mapezi manene nje na ndani vimepangwa ovyo, unaweza kuingiza tochi upande mmoja ukaona gundi ya kulehemu imeziba mirija.

Moshi wa bluu

Hapa ndo tabo nyingi zinahukumiwa bure. Tabo haina sili za mpira, oili inatoka ikishindwa kurudi chini. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu angalia vitatu: paipu ya kurudisha oili iwe inashuka moja kwa moja bila kona ya kupanda wala kubanwa na isiwe na gundi ya silikoni imeingia ndani (hiyo silikoni nyekundu ya gasketi naiogopa sana kwenye kazi ya tabo, kipande kikikatika kinaziba). Pili, presha ya ndani ya injini, valvu ya kupumulia ikiziba oili inakosa pa kushukia. Tatu, filta ya hewa iliyojaa, inavuta oili kutoka kwenye tabo.

Alafu shika shafti kwa vidole injini ikiwa baridi. Kucheza kidogo juu chini kwenye tabo ya beringi za kawaida ni sawa, lile pengo linajazwa na oili. Ila kusukuma na kuvuta mbele nyuma isiwe inasikika, na panga zisiguse nyumba yake. Ukiona ncha za panga zimeng'aa upande mmoja na nyumba ina mstari uliochorwa kuzunguka, hiyo imekufa kweli.

Kwa Subaru ongeza hili: kwenye boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo kuna kachujio kadogo ka waya. Oili ikichelewa kubadilishwa kachujio kanajaa utomvu mweusi, tabo inakosa oili, inakufa, unaweka nyingine, nayo inakufa. Fungua, tazama dhidi ya mwanga, kama huoni mwanga umepata muuaji. Badilisha oili kila kilomita 5,000, tusibishane juu ya hilo.

Na tabo ikishavunjika, intakula ya zamani imejaa vipande vya chuma na oili. Ioshe ndani mara nyingi mpaka kitoke maji safi, ama ibadilishe. Kufunga tabo mpya mbele ya intakula chafu ni kuipelekea injini mchanga wa chuma.

Injini inapanda joto baada ya kuweka intakula ya mbele

Ya mbele inakaa mbele ya rejeta ya injini na ile ya eyasii (AC), hewa inayofika huko nyuma ni kidogo na imeshapata moto. Sindano ikianza kupanda kwenye mlima ambako mwanzo haikuwa inapanda, ziba mianya yote pembeni kwa vibao vya aluminiamu ili hewa ya bampa ilazimike kupita ndani badala ya kuzunguka, hakikisha feni zote mbili zinafanya kazi na zinaelekea upande sahihi, na usiondoe plastiki ya chini ya injini. Rejeta ya zamani iliyojaa kutu ikiwa ndo ipo, ibadilishe kwanza.

Vumbi

Marram yetu (barabara za udongo mwekundu) ni adui namba moja wa tabo na haizungumzwi vya kutosha. Filta ile ya koni iliyowekwa wazi chini ya boneti ukiendesha nyuma ya lori barabara ya vumbi, vumbi jembamba linapita na linapiga panga zinazozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Weka boksi la filta, lichukue hewa ya nje ya injini, na kila ukitoka kijijini au kwenye rali toa mpira upitishe kidole ndani baada ya filta. Kidole kikitoka na unga mwekundu, filta haishiki ama mpira una ufa, na ufa hapo kwa gari ya sensa ya hewa unakuletea pia mchanganyiko mkavu (petroli kidogo), kwa sababu hewa inaingia bila kuhesabiwa.

Siku ya kufunga

Tabo mpya iwekee oili safi kwenye tundu lake kabla hujafunga paipu. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndo urudishe fyuzi na uwashe. Iache inangurume dakika kadhaa bila kukanyaga. Rudia kipimo cha uvujaji baada ya kufunga, usiamini macho. Endesha kwa busti ya spring tu mpaka ityuniwe upya, manake tabo au intakula ikibadilika tyuni ya zamani sio ya gari hii tena. Baada ya kilomita 100 hivi, injini ikiwa baridi, pitia klipu zote ukaze tena, mipira ya silikoni inakaa sawa baada ya kupata moto mara ya kwanza na karibu kila mara utakuta moja imelegea, hasa ile ya kwenye throto.